"WITU 1890": Nishani ya Kiingereza yenye majina ya miji ya pwani yetu

Kuna picha ambayo hurudi kwenye simu za watu kila baada ya muda. Ni kipande cha fedha cha duara, kimening'inia kwenye utepe wa manjano wenye michirizi myeusi. Upande mmoja kuna kichwa cha Malkia Victoria, na juu yake kimepachikwa kijibao chembamba kilichoandikwa WITU 1890. Chini ya picha mabishano hayakosekani. Mmoja anasema hiyo ni sarafu ya Sultani wa Witu. Mwingine anasema Waingereza waliwatunuku watu wa Witu kwa kuwa marafiki zao. Wa tatu, mwenye sauti kubwa kuliko wote, anasema aliyeivaa alikuwa shujaa, maana nishani hapewi mtu yeyote tu.

Wote watatu wamekosea, ila siwalaumu. Nishani za namna hii zina lugha yake, na bila kuijua hata msomi anapotea. Tuifungue lugha hiyo, halafu twende wenyewe hadi Witu, Pumwani, Jongeni na Mwele, tuone kilichofanya majina hayo yachongwe kwenye fedha ya Kiingereza.

Tuanze na neno lenyewe. "Nishani" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni alama au ishara. Kiswahili kimelipokea na kulibebesha mizigo mingi, ndiyo maana linatuchanganya. Tukisema "fulani kapewa nishani" huwa tunamaanisha mojawapo ya vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni nishani ya heshima, inayompa mtu daraja. Wakenya wanaijua kwa zile herufi zinazofuata jina la mkubwa, EGH, MBS na ndugu zake. Cha pili ni nishani ya ushujaa, anayopewa mtu mmoja kwa tendo moja alilolifanya mbele ya hatari. Kwa Waingereza iliyo kubwa kuliko zote ni Victoria Cross, iliyoanzishwa mwaka 1856. Cha tatu ni nishani ya kampeni, na hiyo ndiyo iliyo kwenye picha yetu.

Hapo pia pana mtego. Kwetu "kampeni" ni magari yenye vipaza sauti, fulana za bure na ahadi za maji ya bomba. Kijeshi, kampeni ni mfululizo wa mapigano katika eneo moja kwa lengo moja. Nishani ya kampeni anapewa kila aliyekuwemo. Mpiga mzinga atapata, na mpishi wa meli aliyeshuka nchi kavu na kikosi atapata. Aliyetetemeka nyuma ya gunia la mchele siku nzima naye atapata, mradi jina lake lilikuwa kwenye orodha. Ifananishe na cheti cha kuhudhuria semina: hakisemi ulijibu maswali mangapi, kinasema ulikuwepo. Watanzania waliopewa Nishani ya Kagera baada ya vita vya 1978–79 wanaielewa tofauti hii bila kufundishwa.

Kwa hiyo yule aliyesema "shujaa" huenda alisema kweli na huenda hakusema. Nishani hii haiwezi kumthibitishia.

Sasa tukishike kitu chenyewe mkononi. Jina lake rasmi ni Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi. Ilianzishwa mwaka 1892, na ikahusisha vita vidogo vidogo vilivyopiganwa kati ya 1887 na 1900. Upana wake ni milimita 36 hivi. Wazee wa pwani wangeipima kwa haraka zaidi: ni kubwa kuliko rupia, ni ndogo kidogo kuliko ile reale ya Maria Theresa iliyozunguka kwenye maduka ya Zanzibar na Lamu. Nyingi ni za fedha. Zilikuwepo pia za shaba, walizopewa wachukuzi na watumishi waliofuatana na vikosi, kwa hiyo hata kwenye kugawa kumbukumbu watu walipangwa kwa madini.

Kilicho muhimu zaidi ni kile kijibao cha juu. Nitakiita kibao tu, na atakayefikiria kibao cha shavu ni shauri yake. Fikiria daladala au matatu. Gari ni moja, limeundwa kiwandani pamoja na mengine mia yanayofanana nalo. Kinachokwambia linakwenda wapi ni kibao cha mbele. Ukibadilisha kibao, gari lile lile lililokuwa la Mwenge linakuwa la Mbagala. Nishani hii ilifanya kazi hivyo hivyo. Duara lake lilikuwa moja kwa wote, aliyepigana Gambia, aliyepigana Niger na aliyepigana Witu. Aliyekuwa nayo tayari, akipigana tena mahali pengine, hakupewa duara jipya. Aliongezewa kibao juu ya utepe. Kwa jumla vilitolewa vibao 21, baadhi vikiwa na jina la mahali, vingine vikiwa na mwaka tu.

Wazo hili halikuzaliwa Afrika. Mabaharia wa Uingereza waliopigana na Wafaransa enzi za Napoleon walikaa miongo bila chochote vifuani, wakati maofisa wakubwa wana medali za dhahabu. Mwaka 1847 ndipo ilipoidhinishwa nishani ya jumla ya wanamaji, kwa vita vya kuanzia 1793 hadi 1840, ikiwa na vibao zaidi ya 200. Lakini ilikuwa ya walio hai, tena mpaka mtu mwenyewe aiombe. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wengine hawakupata habari. Nishani kama 21,000 ndizo zilizotolewa. Toka hapo serikali ikajifunza jambo linalopendwa na kila mhasibu: tengeneza duara moja, uza vibao vingi.

Au tuseme gawa. Hawakuuza.

Geuza duara tuone picha. Upande wa mbele ni Malkia, ana taji dogo na shela, anatazama kushoto, na maneno VICTORIA REGINA. Kazi ya Leonard Charles Wyon, wa ukoo uliochonga sarafu na nishani za Uingereza kizazi hadi kizazi. Upande wa nyuma ndio wa kutazamwa kwa makini. Kuna msitu, na askari wa Kiingereza wakipambana na wapiganaji wa Kiafrika katikati ya miti. Miili imebanana, na mtu aliyezoea kuona simba na ngao kwenye sarafu atashangaa jinsi picha ilivyojaa. Mchoraji ni Edward Poynter, msanii mkubwa wa London, ambaye baadaye alichora pia upande wa nyuma wa shilingi ya Kiingereza ya 1893.

Utauliza: huo ni msitu wa Witu? Hao ni Wapokomo, ni Waboni, ni Waswahili wa Pate? Hapana. Ule ni msitu wa Ghana ya leo. Poynter alichora picha hiyo kwa ajili ya nishani ya vita vya Waasante vya 1873–74, pale jeshi la Garnet Wolseley lilipouchoma mji wa Kumasi. Mwaka 1892 walipohitaji nishani ya vita vingine vya Afrika hawakuona haja ya kumsumbua msanii. Walichukua picha ile ile, wakapiga kwenye duara jembamba kidogo, utepe ule ule wa manjano na nyeusi, wakabadilisha vibao. Hivyo baharia aliyeteremka Kipini alivalishwa picha ya vita alivyovipigana baba yake mdogo, kilomita elfu kadhaa upande wa pili wa bara, na watu wasiojua hata kwamba Witu ipo. Juu ya hayo, ni nishani waliyogawiwa watu wa manowari nyingi lakini haina meli, haina nanga, haina hata tone la bahari. Mimi nikiitazama naona uvivu kwanza kabla ya kuona ubeberu. Kwa aliyeagiza, Mwafrika mmoja msituni alitosha kusimama kwa wote.

Haya, twende Witu.

Witu leo iko katika Kaunti ya Lamu, Kenya, ndani ya bara kutoka Kipini, pale mto Ozi unapoingia baharini. Mji uliinuliwa na Ahmad, maarufu kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate. Alikosana na masultani wa Zanzibar, akahamia msituni ambako mizinga ya majahazi yao haikumfikia. Waliomfuata walikuwa mchanganyiko: watu wa Pate wasiowataka Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, Wabajuni, na watoro waliokimbia utumwa kwenye mashamba ya pwani. Kwa Zanzibar, Witu ilikuwa pango la wahalifu. Kwa mtoro ilikuwa mahali pa kulala bila mnyororo.

Mwaka 1885 Wajerumani waliiweka Witu chini ya ulinzi wao. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, wakaiachia Uingereza katika mkataba ule ule uliowapa wao kisiwa cha Heligoland na kuweka Zanzibar chini ya Waingereza. Sultani wa Witu wakati huo, Fumo Bakari, hakuulizwa. Mtu analala akiwa na mlinzi mmoja, anaamka ana mwingine. Septemba ya mwaka huo akatokea Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel na wenzake, wamekuja na mipango ya kukata mbao. Sultani hakuwapa ruhusa. Wakanyang'anywa silaha, yakazuka mabishano langoni, risasi zikalia, na Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa.

Berlin ikataka adhabu. Lakini Witu sasa ilikuwa ya London, kwa hiyo Waingereza ndio waliokwenda kulipiza damu ya Wajerumani. Aliyepewa kazi ni Admirali Edmund Fremantle, mwenye bendera yake kwenye manowari Boadicea. (Neno "manowari" lenyewe tulilitwaa kwao, ni jina walilokuwa wakiziita meli zao za vita. Tulizisikia sana kipindi hicho.)

Hapa ndipo wengi hujikwaa: nishani wamepewa wanamaji, vita ni vya nchi kavu, inakuwaje? Inakuwa hivi. Uingereza haikuwa na jeshi kubwa la nchi kavu pwani ya Afrika Mashariki. Ilichokuwa nacho ni meli, na ndani ya meli mamia ya vijana wenye bunduki na mizinga myepesi. Panapohitajika vita vya bara, meli hutia nanga, mabaharia hushushwa kwa mashua, na wanageuka askari wa miguu kwa siku chache. Mizinga inafungwa kamba inavutwa kwa mikono. Maji ya kunywa hubebwa, na wa kuyabeba huajiriwa papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa Kipini mwezi Oktoba: mamia ya mabaharia, askari wa Sultani wa Zanzibar, askari wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani (IBEA) na wachukuzi. Waliondoka tarehe 26, na tarehe 27 Oktoba wakawa mbele ya lango la Witu. Bunduki za msituni za watu wa Fumo Bakari hazikuweza kushindana na mizinga. Lango likavunjwa, mji ukachomwa moto. Fumo Bakari alitoroka, akafa miezi michache baadaye, Januari 1891.

Kibao cha WITU 1890 ni cha siku hizo za Oktoba. Tazama miaka: vita 1890, nishani 1892. Baharia aliyechoma mji hakurudi melini na kitu kifuani. Huenda alikuwa ameshahamishiwa Bahari ya China ndipo kifurushi kikamfikia, na ubavuni mwa duara pameandikwa jina lake, cheo chake na meli yake.

Mambo hayakuishia hapo. Ndugu yake Bakari, Fumo Omari, aliendelea msituni na kuziimarisha ngome za Pumwani na Jongeni. Agosti 1893 manowari Blanche, Sparrow na Swallow zikashusha watu tena, ngome zote mbili zikatekwa, na kikatoka kibao cha pili: WITU AUGUST 1893. Ndiyo, na mwezi wameuandika, isije ikadhaniwa ni vita vile vya kwanza. Mwaka huo huo watu wa Blanche walipelekwa upande wa Kismayu, kwenye mto Juba, na wachache wao wakapata kibao cha JUBA RIVER 1893, ambacho leo wakusanyaji hukitafuta kwa tochi. Na mbali na bahari kabisa kipo LAKE NYASSA 1893, cha mabaharia wa Adventure na Pioneer, vimeli vya mizinga vilivyopelekwa vipande vipande hadi Ziwa Nyasa na kuunganishwa huko huko ili kupambana na Makanjira, mtawala wa Wayao. Umbali wote huo wanamaji walikwenda kutafuta maji ya kupigania.

Kisha kuna Mwele, ambayo ndiyo inayowachanganya hata wauzaji wa vitu vya kale.

Mwaka 1895 alifariki liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, wa ukoo wa Mazrui. Kampuni ya Kiingereza, iliyokuwa siku zake za mwisho kabla ya kukabidhi nchi kwa serikali Julai mwaka huo, ilimtambua mtoto wa marehemu. Mbaruk bin Rashid wa Takaungu alijiona ana haki zaidi. Akakimbilia kwa ndugu yake wa Gazi, ambaye jina lake pia, Mungu atusaidie, ni Mbaruk bin Rashid. Ukisoma habari za vita hivi na ukaona Mbaruk yuko mahali pawili siku moja, usidhani ni uchawi. Ni wawili. Mkubwa na mashuhuri ni huyu wa Gazi, mzee aliyekuwa amepambana na masultani wa Zanzibar kwa miaka na miaka. Ngome yake ilikuwa Mwele, vilimani nyuma ya Gazi, katika Kwale ya leo.

Admirali safari hii ni Harry Rawson, na manowari yake ni St George. Mwele ilishambuliwa na kutekwa tarehe 17 Agosti 1895. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa serikali ya Sultani wa Zanzibar, alijeruhiwa huko. Mbaruk mwenyewe hakukamatwa. Vita vikawa vya kuviziana mpaka 1896, kikaletwa kikosi kutoka India, na Aprili mwaka huo Mbaruk akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Wakampa makazi Dar es Salaam. Alifia huko mwaka 1910.

Kwa vita hivi watu walipewa nishani ile ile, lakini bila kibao. Sababu za ofisini tuwaachie wa ofisini. Matokeo ni kwamba jina limechongwa ubavuni mwa duara, M'WELE upande mmoja wa kishikio kinachoshika utepe na mwaka upande wa pili, 1895 au 1895-6. Anayeitazama kwa mbele haoni kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia au kukunyima nishani ya Mwele kwa madai kwamba "kibao kimepotea". Hakijapotea, hakikuwepo. Na ile alama ya kukatia baada ya M? Hiyo ni Mwingereza anapambana na "mw". Alipatwa na shida hiyo hiyo kwa Mwanza na Mwatate, ila huko hakuchonga kwenye fedha.

Kuna nishani nyingine ya vita hivi hivi ambayo watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo nzuri zaidi kuielezea. Askari wa Zanzibar waliopigana chini ya Mathews walipewa nishani na Sultani wao, Hamid bin Thuwaini. Ni ya fedha, ina sura ya Sultani mwenyewe badala ya Malkia, na utepe wake ni mwekundu mtupu, kama bendera yake. Vibao vyake ni vinne: Pumwani, Jongeni, Takaungu, Mwele. Vyote kwa hati za Kiarabu, bila neno moja la Kiingereza.

Ziweke mbili hizo pamoja. Mwingereza ameandika "Witu" kwa vita vya Agosti 1893. Sultani ameandika Pumwani na Jongeni, mahali hasa risasi zilipolia. Mwingereza hana Takaungu kabisa. Sultani anayo, maana kwake ugomvi wa Wamazrui ulianzia hapo na ulikuwa na umri mkubwa kuliko kampuni yoyote. Askari wa Zanzibar aliyesoma chuoni aliweza kumsomea mkewe kifua chake neno kwa neno. Lakini tusijidanganye kwamba hii ni nishani ya upande wetu dhidi ya upande wao. Askari wa Sultani na mabaharia wa Malkia walikuwa safu moja, wanapiga ngome moja. Ndani ya ngome walikuwa Waswahili, Wamijikenda, watoro na Wamazrui. Nje yake pia walikuwepo Waswahili.

Hilo linajibu swali la pili la kwenye simu, la kwamba watu wa Witu walitunukiwa. Waliotunukiwa ni walioiteketeza, wakiwemo weusi wengi. Kama kwenye sanduku la babu yako kuna nishani hii, uwezekano mkubwa ni kwamba babu alikuwa askari au mchukuzi upande wa manowari. Si aibu wala si sifa, ni kazi aliyoifanya mtu mwaka wa njaa au wa tamaa, na mwenyewe hayupo kuulizwa.

Mtu mmoja huwa hakosi kuuliza: basi nishani ya vita vya Zanzibar iko wapi? Vile vya tarehe 27 Agosti 1896, vinavyosifiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Hamid bin Thuwaini alifariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza, na Rawson huyo huyo wa Mwele akaupiga mji mizinga kwa dakika zisizotimia hamsini. Watu wapatao 500 upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama mbele ya jumba, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka. Kibao cha Zanzibar 1896 hakipo katika vile 21. Ukioneshwa nishani yenye maneno hayo, rudisha mkono mfukoni. Rawson alipata nishani ya nyota kutoka kwa Sultani mpya, Hamoud, lakini hiyo ni ile ya aina ya kwanza tuliyoisema, ya heshima na daraja. Mabaharia wake hawakuongezewa kibao kwa asubuhi ile. Kwa hiyo ukubwa wa maafa haukuwa kipimo. Mwele ilipata maandishi, Zanzibar haikupata, na kwa maiti Zanzibar ndiyo iliyotisha. Khalid naye akaishia Dar es Salaam kwa Wajerumani, jirani wa Mbaruk.

Februari 1897 Rawson alikuwa Afrika Magharibi, akiongoza msafara ulioteka mji wa Benin na kuondoka na sanamu zake za shaba, ambazo Wanigeria wanazidai hadi leo. Kibao kikatoka: BENIN 1897. Kwa hiyo baharia wa St George aliyekuwa naye tangu mwanzo angeweza kuwa na duara moja tu lenye M'WELE ubavuni na BENIN 1897 juu ya utepe, na katikati yake asubuhi moja ya Zanzibar isiyoandikwa popote.

Limebaki suala la pesa, maana najua ndilo linalosubiriwa. Fedha iliyomo ni kidogo, ukiiyeyusha hutajenga hata choo. Thamani iko kwenye maandishi. Kibao cha watu wachache, kama cha Juba, kinapandisha bei. Jina la ubavuni likilingana na orodha ya meli, linapandisha zaidi. Jina lililofutwa na kuchongwa upya linaishusha hadi chini. Kwa sababu hiyo kosa kubwa linalofanyika majumbani ni kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae kwa ajili ya mnunuzi. Inang'aa kweli, na ubavuni herufi zinalika. Ukiwa nayo, iache na weusi wake, iweke kwenye kitambaa kikavu, isimamishe karibu na dirisha asubuhi, na uizungushe taratibu kwa kucha kuanzia kwenye kishikio. Kwa baharia wa kawaida jina hutangulia, halafu cheo, halafu meli. Kama baada ya hapo kuna M na alama ya kukatia, iko Kwale.